Makochi Yarudi Karakana

Shemeji yangu hajui kusema hapana. Naanzia hapo kwa sababu ndipo mambo yote yalipoanzia, na kwa sababu mtaani watu wamekwisha kuyasimulia wapendavyo: kwamba alicheza kamari, kwamba ana nyumba ndogo mahali, kwamba alitoroka na pesa za bwana harusi. Hakuna hata moja lililo kweli. Shemeji yangu ni fundi wa makochi aliyefilisika kwa upole. Mimi niliolewa na kaka yake mkubwa, na ingawa mume wangu ametangulia, jina lao bado ninalibeba. Limo kwenye cheti changu cha ualimu na juu ya kaburi la mume wangu. Kama ni lazima jina hilo lipite midomoni mwa watu, basi lipite kwa usahihi.

Watu humwita Sponji. Jina alipewa na mafundi wenzake wakati akijifunza kazi, kwa kuwa kila mapumziko ya mchana alijilaza juu ya mabaki ya sponji akakoroma. Limemkaa kuliko lile alilopewa na wazazi. Mbonyeze popote, anabonyea. Mteja akisema kochi ni ghali, anapunguza. Akisema hana pesa yote, anaambiwa atamalizia. Akisema harusi ni kesho kutwa na fremu haijakatwa hata ubao mmoja, Sponji anafuta jasho na kusema, "Itawezekana tu."

Na kazi anaijua, hilo lisisahauliwe. Kochi lake ukilikalia halilii. Mbao huzichagua kwa kuzigonga na kuzisikiliza, kona huziunga kwa gundi na vigingi, na kitambaa chenye maua akikishona, ua la mgongoni linakutana na ua la kikalio kama vile lilichorwa hapo hapo. Chombo anachokipenda kuliko vyote ni cherehani yake kubwa ya kushonea ngozi na vitambaa vizito. Waliinunua pamoja, yeye na marehemu mume wangu. Mume wangu ndiye aliyetoa sehemu kubwa, akamwambia, "Hili ndilo shamba lako. Usiliuze, usilikopeshe." Kila mwisho wa wiki Sponji huipaka mafuta cherehani hiyo na kuifuta kwa kitambaa safi kuliko kile anachofutia uso wake.

Kilichomwangusha ni namna yake ya kuendesha kazi. Mteja akiweka kitu cha kuanzia, pesa ile ilinunua sponji ya mteja aliyetangulia, ambaye pesa yake ilikwisha kununua mbao za mteja wa kabla yake. Wateja wakiendelea kuja, mambo yalisogea. Kisha akaja bwana mmoja aliyekuwa akijenga nyumba ya wageni, akataka makochi ya vyumba vyote na ya ukumbi, kitambaa kizuri, sponji ngumu, na malipo yote siku ya ufunguzi. Fundi mwingine yeyote angecheka. Sponji alisema itawezekana tu. Akachukua mbao kwa mkopo, vitambaa kwa mkopo, akakopa kwenye kampuni moja ili alipe vibarua, na kampuni hiyo ilipombana akakopa kwenye nyingine ili ailipe ya kwanza. Ile nyumba ya wageni haijafunguliwa mpaka leo. Mwenyewe simu yake haipatikani. Makochi yakabaki karakana, yamepangwa mpaka mlangoni, yakisubiri wageni wasiokuja.

Hayo yote mimi sikuyajua. Nilichokijua ni kwamba siku moja Sponji alikuja kwangu na mkokoteni, juu yake kochi la watu watatu, rangi ya zambarau iliyoiva, lenye vifungo mgongoni.

"Shemeji," akasema huku akitazama viatu vyake, "hili ni la kumkumbuka kaka."

Nililia. Nilitoa vitambaa vyangu vilivyofumwa kwa mkono nikavitandaza mgongoni mwake. Wanawake wa chama chetu walipokuja kikaoni, niliwaambia waketi kwa awamu ili kila mmoja aonje. Mwenyekiti wetu, mwanamke ambaye ni vigumu sana kumfurahisha, aliinuka na kuketi tena, kisha akasema, "Huyu shemeji yako anakuheshimu." Nikajibu kwamba kwetu ndivyo tulivyolelewa.

Haikupita muda, wakaja vijana wawili waliovaa mashati ya kazini. Walibisha hodi vizuri, nikawakaribisha ndani, wakaketi juu ya kochi la kumbukumbu.

"Mama, kochi zuri hili," alisema yule mnene, akipapasa mkono wa kochi.

"Kazi ya shemeji yangu," nikasema, na sauti yangu ilijaa chumba.

Wakatazamana.

"Ndiye huyo anayeitwa Sponji?"

"Kumbe mnamfahamu?"

"Tungependa kumfahamu zaidi," akasema yule mwembamba. "Simu hapokei, karakana amefunga, na mkopo wetu umelala. Amekuandika wewe kuwa ndugu yake wa karibu."

Sikumbuki niliwaaga vipi. Nakumbuka walivyoinuka, yule mnene akakibonyeza kikalio kwa kiganja mara ya mwisho na kusema kwa masikitiko ya kweli, "Tukienda mahakamani, mama, dalali hachagui. Anabeba makochi, anabeba mashine, anabeba kila kinachobebeka."

Nilivaa viatu vya kutokea nikaenda karakana. Mlango ulikuwa na kufuli kwa nje, lakini ndani nilisikia nyundo.

"Shemeji! Fungua!"

Nyundo ikanyamaza. "Hayupo," ikajibu sauti kutoka ndani.

"Na huyo anayesema hayupo ni nani?"

Nyundo ikawekwa chini. "Ni mimi, shemeji."

Mkewe alitokea nyuma ya jengo akiwa na ufunguo shingoni, macho yamemvimba. Alikuwa akimfungia mumewe ndani kila asubuhi ili wadai wakiona lile kufuli waondoke, na mchana akimpitishia chakula dirishani. "Dada, mimi nimechoka," akaniambia. "Nimeolewa na mtu, sasa nafuga mfungwa."

Ndani karakana ilikuwa tupu. Juu ya unga wa mbao sakafuni zilibaki alama za miguu ya makochi, safu kwa safu, kama mahali walipolala ng'ombe. Sponji alikuwa ameketi juu ya ndoo, akigongomea kigoda.

"Makochi yako wapi?"

"Nimeyapumzisha kwa ndugu."

"Makochi huchoka?"

"Shemeji, wakija wakute hakuna kitu. Wakikosa cha kuchukua watakata tamaa."

Nikaelewa. Kochi la kumbukumbu! Kumbe nilikuwa stoo. Nilikuwa stoo yenye vitambaa vya kufuma. Na sikuwa peke yangu: wifi yangu, dada yake Sponji, alipewa seti nzima kwa maelezo kwamba ni shukrani ya maombi yake, baba mdogo, ndugu wa mwisho wa marehemu baba mkwe, alipewa la kuegemea kwa sababu ya mgongo wake, na binamu na marafiki wa binamu, kila mmoja na kochi lake na uongo wake. Ukoo mzima ulikuwa umekaa juu ya madeni ya watu, ukishukuru.

"Na cherehani?"

Alitazama chini. "Ipo kwa baba mdogo. Chumbani. Nimeifunika shuka."

"Mashine aliyonunua mume wangu imelala imefunikwa shuka kama mgonjwa?"

Hapo ndipo alipoinua uso, na kwa mara ya kwanza sikuona ule upole wake, niliona hofu tupu. "Shemeji, makochi wakichukua nitatengeneza mengine. Wakiichukua ile, mimi nimekwisha. Sina kazi nyingine ninayoijua. Nitarudi kuwa kibarua wa watoto niliowafundisha mimi."

Mkewe ndiye aliyelitaja neno lile. Alikuwa amesikia redioni kwamba mtu akizidiwa kabisa anaweza kwenda mwenyewe mahakamani akaomba atangazwe mufilisi, na wadai wote wakasimamishwa. Nikamkatiza. Nikamwambia kwamba katika ukoo huu kumekuwa na walimu, na mhasibu, na mzee wa kanisa, lakini mufilisi hajawahi kuwepo na hatakuwepo nikiwa hai. Yeye akanitazama tu, kwa utulivu wa mtu ambaye amepitisha sahani dirishani wiki nzima.

"Sawa, dada," akasema. "Basi lete hilo jina tukawalipe nalo."

Kesho yake tukaanza kutafuta wakili.

Wa kwanza alitupata yeye. Tulikuwa bado ngazini mwa mahakama, alipotujia bwana aliyevaa tai, mkoba kwapani, akanong'ona kama anayeuza simu ya wizi: "Madeni? Hayo ni mambo madogo. Nayafuta." Sponji alimpenda papo hapo. Yule bwana alikuwa na jibu la kila swali, na kila jibu lilikuwa ndiyo. Wadai watanyamaza? Ndiyo. Mashine itabaki? Ndiyo. Bila kwenda mahakamani? Ndiyo, yeye ana watu wake humo ndani, anachohitaji ni kitu kidogo cha kuwalainishia. Sponji alikuwa tayari ameingiza mkono mfukoni.

"Leseni yako ya uwakili naomba niione," nikasema.

"Iko nyumbani, mama. Inawekwa plastiki."

"Yote? Hata nambari yake?"

Akakumbuka kwamba anasubiriwa mahali. Sponji akamtazama akienda zake kwa huzuni, kama mtu aliyefukuziwa rafiki. "Lakini alikuwa mtu mzuri," akaniambia. Nilimshika mkono nikamwondoa pale kabla sijamwaibisha mbele za watu.

Wa pili alikuwa mzee wakili aliyeshughulikia mirathi ya mume wangu, rafiki wa nyumba yetu. Ofisi yake ina viti vya ngozi vilivyochanika, ambavyo Sponji alivikagua kwa vidole muda wote tuliokaa. Mzee alituzungumzia asubuhi nzima. Alitueleza asili ya ufilisi, na heshima ya mdeni, na jinsi vijana wa leo wanavyokopa, na jinsi yeye na marehemu walivyokuwa wakicheza bao. Mwisho nikamuuliza kwa adabu, "Wakili, kesi kama hii umekwisha kufanya ngapi?"

Akavua miwani akaifuta. "Hakuna," akasema. "Mimi ni wa mashamba na mirathi."

Asubuhi nzima! Lakini namshukuru, kwa sababu alisema ukweli mwisho wake, na akatuelekeza kwa wakili mwanamke aliyekuwa mwanafunzi wake, ambaye hiyo ndiyo kazi yake ya kila siku. Safari hii sikutaka mchezo. Kabla ya kwenda nilipiga simu chama cha mawakili, nikauliza kama jina lake limo kwenye orodha yao na kama leseni yake ni ya mwaka huu. Limo, wakasema. Ni ya mwaka huu.

Ofisi yake ilikuwa juu ya duka la viatu, chumba kimoja chenye feni inayolalamika. Hakutuuliza tumefikaje wala hakutupa pole. Alituambia kwanza gharama yake yote, akaiandika, akasema inaweza kulipwa kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara wa mke.

"Naweza kukutengenezea makochi badala yake," Sponji akasema kwa moyo safi. "Haya ya kwako yamelegea."

"Usithubutu," wakili akasema. "Kuanzia leo hugawi hata mto."

Kisha akatueleza, na mimi niliyefundisha darasani umri wangu wote nakiri kwamba sijasikia somo lililofunzwa vizuri zaidi. Mtu akitangazwa mufilisi, mali yake inawekwa mikononi mwa msimamizi anayewekwa na mahakama. Msimamizi anaiuza na kuwagawia wadai wote kwa haki, si yule mwenye kelele nyingi kuliko wengine. Wadai hawaruhusiwi tena kumfuata mmoja mmoja nyumbani. Muda uliowekwa ukipita, na yeye akiwa ameishi kwa uaminifu, madeni yaliyobaki yanafutwa. Lakini kuna bei yake: tangazo litatoka gazetini, kukopa atakatazwa mpaka aseme wazi hali yake, na maisha yake yatachunguzwa kama mfuko wa mwanafunzi anayeshukiwa.

"Gazetini?" nikauliza. "Kwa jina kamili?"

"Kwa jina kamili, mama."

Niliimeza hiyo kama dawa.

"Na vyombo vya kazi?" mkewe akauliza.

"Chombo anachopatia riziki, sheria kwa kawaida humwachia, kama ni kimoja na si cha anasa. Nguo, vitanda, vyombo vya kupikia, hivyo pia. Hakuna anayetaka mtu afe njaa. Fundi bila mashine hamlipi mtu."

Nilimwona Sponji akigutuka. Mashine aliyoificha chini ya shuka la mzee ndiyo hiyo hiyo ambayo angeachiwa kama angeiacha mahali pake! Nilitamani kumpiga kwa mkoba.

Wakili akachukua kalamu. "Sasa tuanze. Una nyumba?"

"Ya kupanga."

"Shamba?"

"Sina."

"Katika miezi ya karibuni kuna kitu chochote ulichompa mtu, ulichomuuzia ndugu, au ulichokihamisha?"

Feni ikazunguka. Sponji akatazama viatu vyake.

"Hapana," akasema.

Jamani! Mtu aliyeshindwa kulisema neno hilo kwa mwenye nyumba ya wageni, kwa kampuni za mikopo, kwa kila bibi harusi wa mji huu, akaja kulisema pale, mbele ya mtu mmoja pekee aliyestahili kuambiwa ndiyo. Nikamtazama mkewe. Mkewe akanitazama mimi. Wakili alikuwa ameanza kuandika. Nilijua nikinyamaza, siri ya makochi itabaki ndani ya ukoo na hakuna jirani atakayecheka. Nilisikia pia sauti ya mume wangu ikisema, hili ndilo shamba lako.

"Mimi ninalo la watu watatu," nikasema. "La zambarau. Lipo sebuleni kwangu."

Wakili akaweka kalamu chini.

"Mengine?"

Nikayataja yote, nyumba kwa nyumba, na cherehani chini ya shuka. Sponji alijifunika uso kwa viganja vyake. Nilipomaliza wakili akamgeukia, na hakupandisha sauti.

"Baba, ungelisema hapana hiyo mbele ya hakimu, mimi ningekuja kukusalimia gerezani. Kuficha mali ni kosa la jinai. Na ombi lako lingetupwa, na dalali angechukua kila kitu, mashine ikiwa ya kwanza. Nitawasilisha ombi hili siku tu utakaponiambia kwamba kila kitu kimerudi karakana. Kila kitu. Kimerudi mchana, kwa mlango wa mbele."

Mtu asiyewajua ndugu wa mume wangu anaweza kudhani kurudisha makochi ni kazi ya asubuhi moja. Tulikodi mkokoteni na msukumaji wake, tukaanza na wifi. Tulimkuta ameketi katikati ya lile kubwa, miguu juu, soda mkononi, na alipotuona hakuinuka.

"Wifi, tumefuata makochi."

"Makochi gani?"

"Hayo uliyoyakalia."

"Haya ni shukrani ya maombi yangu. Muulize mwenyewe."

"Alikudanganya, wifi. Kama alivyonidanganya mimi."

"Basi mimi alinidanganya vizuri zaidi, maana nimekwisha kutupa ya zamani." Akanywa soda. "Kochi likishazoeana na mtu halihamishwi hivi hivi. Na maombi yangu je, nayo yarudishwe?"

"Dada, inuka," Sponji akasema kwa sauti ndogo. "Nitafungwa."

"Ulipoleta ulisema ni moyo wako! Moyo una mkokoteni?"

Niliketi kando yake. Nikamwambia taratibu kwamba anaweza kubaki na makochi, na siku msimamizi wa mahakama atakapokuja kuyabeba na askari, mtaa wake wote utakuwa mlangoni, na mimi nitasimama mbele kabisa nimevaa kofia yangu ya sherehe. Akafikiri. Akainuka, akachukua na mto mmoja akaubana kwapani, nikaunyakua. Tulivutana kidogo. Mshono ulipofumuka, Sponji alitoa mlio kama aliyekanyagwa, akaupokea mto na kuanza kuukagua.

Kwa baba mdogo hatukupata matusi, tulipata usingizi. Alikuwa amelala kwenye lile la kuegemea, mdomo wazi. Tulisubiri aamke, akaamka, tukamweleza, akasema sawa, akalala tena. Tuliitoa cherehani kwanza. Sponji aliifunua shuka, akaipapasa, akageuka ukutani muda mrefu. Sisi tukajifanya tunatazama paa. Baadaye tulimwinua mzee akiwa bado amesinzia tukamhamishia kitandani, na alipofumbua macho alisema tu, "Mgongo wangu ulikuwa umeanza kupona, mnajua."

Baada ya binamu na marafiki zao, kwangu tulifika mwisho. Mkokoteni ulipita barabara kubwa mchana kweupe, kama wakili alivyotaka, makochi yamefungwa kamba, cherehani juu kabisa kama bibi harusi. Watu walitoka madukani. "Mnahama?" wengine wakauliza. Msukumaji wa mkokoteni, ambaye hakuna aliyemwomba, akajibu, "Makochi yanarudi kwao!"

Mwenyekiti wa chama chetu alisimama langoni kwangu mikono kiunoni wakati kochi la zambarau linatolewa.

"Mwalimu! Kochi la kumbukumbu linakwenda wapi?"

Nilikuwa na majibu mengi ya heshima tayari. Linakwenda kurekebishwa. Linakwenda kubadilishwa kitambaa. Nikamwangalia Sponji, ambaye alikuwa ameshikilia mguu wa kochi na alikuwa tayari kukubali jibu lolote nitakalolitoa, kama anavyokubali kila kitu.

"Shemeji yangu amefilisika," nikasema. "Lilikuwa limefichwa kwangu. Linakwenda kwa wadai wake."

Mikono ya mwenyekiti ikashuka kutoka kiunoni. Mimi nikavikunja vitambaa vyangu vya kufuma nikaingia ndani.

Tangazo lilipotoka, wifi ndiye aliyenipigia simu. "Wifi, tumo gazetini!"

"Ukurasa gani?"

"Karibu na mbwa aliyepotea. Ana picha. Sisi hatuna."

Siku ya mahakama wadai walikuwepo, wale vijana wawili wakiwemo, na mwuza mbao aliyekuja na hasira zake zote. Msimamizi alikwisha kuyakagua makochi, akasema yatauzwa. Ilipofika zamu ya cherehani, mwuza mbao akasimama. "Hiyo peke yake inanilipa! Na mimi nasikia ilikuwa imefichwa!"

Hakimu akamtazama Sponji. "Ni kweli?"

Wakili hakumsaidia. Hakumtazama hata. Mkewe alinishika kiganja akakibana mpaka pete yangu ikaniuma.

"Ndiyo," Sponji akasema. "Ilikuwa kwa baba mdogo, chumbani, chini ya shuka. Niliificha kwa sababu niliogopa. Kisha nikairudisha, na makochi yote, na mto mmoja uliochanika nikaushona."

Watu wakacheka, hata yule mnene. Hakimu hakucheka. Aliuliza mashine ilirudi lini, wakili akamwonyesha kwamba ilirudi karakana na kuorodheshwa kabla ombi halijawasilishwa. Hakimu akaandika kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia, kisha akasema kwamba chombo hicho ndicho riziki ya mdeni na kitabaki kwake. Mwuza mbao akaketi akinung'unika. Sponji akamgeukia akamwambia, "Samahani, kaka," na nilijua anamaanisha.

Sasa anafanya kazi tena. Mteja analeta kitambaa chake, analeta sponji yake, analipa ufundi. Mkewe amelitundika lile kufuli ukutani kama picha. Mimi sebuleni kwangu nina viti vya plastiki, na chama chetu kinakutana juu yake, na mwenyekiti huketi kwa kujinyonganyonga ili nijue.

Wiki iliyopita nilikwenda karakana. Nikamwambia shemeji yangu kwamba, kwa kuzingatia yote niliyoyapitia, aibu, mkokoteni, gazeti, si vibaya akinitengenezea kochi dogo tu, la watu wawili, tutaelewana malipo baadaye.

Alisimamisha mashine. Akafuta jasho. Akatazama viatu vyake muda mrefu, na nikaona midomo yake ikijaribu kitu isichokizoea.

"Hapana, shemeji," akasema. "Lete pesa kwanza."

Nilikasirika sana. Nilifika nyumbani, nikaketi kwenye kiti cha plastiki, nikaanza kuweka akiba.